Oili ya Pinki kwenye Gari la Mzee Hamisi

Baba Kulwa wangu,

Leo mwanao Doto amefungua giaboksi ya gari la mteja, ikamwagika oili ya pinki yenye povu. Nilikuwa nimewaletea chai pale gereji, nikacheka hadi nikaketi juu ya tairi. Vijana wakadhani bibi kapatwa na kichaa. Wewe peke yako ungeelewa, ndiyo maana nakuandikia.

Unalikumbuka gari la Mzee Hamisi? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati magari ya Kahama yalihesabika kwa vidole na yote yalikuwa na pedali tatu. Mzee huyo, mfanyabiashara wetu wa ngozi na pamba, akaleta la Kimarekani lenye pedali mbili, linalobadilisha gia lenyewe. Watu walikuwa wanainama chini ya usukani kuitafuta ile ya tatu, nawe unawaeleza, mikono kiunoni, utadhani ndiwe uliyelibuni. Mimi nilikuwa nakutazama kwa mbali. Tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa iliyopangwa na wazee, tukiishi pale Nyasubi kama wageni wawili wenye adabu. Ukirudi nakuwekea maji ya kuoga, unashukuru, basi.

Rejeta yake, ile ya maji ya kupoza injini, ilipovuja kwa chini, ukaitia lehemu ukamrudishia gari. Jumatatu likarudi linasukumwa: injini inanguruma, gari haliendi. Na Jumamosi ndilo lililotakiwa kumpeleka binti yake Zuhura kwenye harusi yake Geita! Nilikuwa naanika mtama kando ya gereji yako. Nikakuona umechomoa kile kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ukabaki umekikodolea macho. Nikasogea. Oili iliyokuwa nyekundu imegeuka ya pinki yenye povu, kama maziwa yenye damu ya ng'ombe mwenye kiwele kibovu.

"Maji ya rejeta yameingia," ulisema, ukakaa kwenye vumbi.

Ukanieleza kwamba ndani ya rejeta kulipita kibomba cha kupoza oili ya giaboksi, na moto wako wa lehemu ulikuwa umeyeyusha kiungo chake bila wewe kujua. Kosa lilikuwa lako, na tuliolijua tulikuwa sisi wawili tu. Gereji ilikuwa na miezi mitano. Ukiitwa mharibifu Kahama nzima, nani angekuletea hata baiskeli? Tungerudi kwa baba yangu Kagongwa kulima pamba.

Nami, binti wa wafugaji, nikatoa ushauri wangu. "Ichemshe. Siagi nayo ina maji. Tunaichemsha, maji yanatoka, samli inabaki."

Nawe ukakubali! Tukaipika oili ya gari kwenye sufuria yangu ya samli. Moshi ule, jamani! Majirani walikuja kuuliza tunaunguza viatu vya nani. Ilipotulia tukairudisha kwenye giaboksi, ukaliwasha gari, likaenda kwa madaha hadi karibu na soko, likagoma. Baba alikuwa amekuja mnadani na maksai wake, ndiye aliyelivuta kulirudisha. Alivuta polepole makusudi ili apite mbele ya kila duka. Kwa heshima ya mkwe hakusema nawe. Alisema nami, kwa sauti ya kukufikia vizuri: "Mwanangu, mwambie mumeo maksai wangu nao hawana pedali ya tatu."

Ulicheka hadi ukaegemea bodi ya gari. Mwaka mzima sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo.

Kisha ukavua shati ukaifungua giaboksi yenyewe. Zile sahani za ndani zinazoshikana ili gari liende, magamba yake yalikuwa yamevimba na kubanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Tulikuwa tumeyatoa maji kwenye oili, kumbe sahani zilikwisha kuyanywa zamani. Bahati yetu, gari lilikuja na kasha la vipuri ambalo hakuna aliyekuwa amelifungua, na sahani mpya zilikuwamo, na madebe ya oili pia. Ukazifunga. Rejeta ukaiziba kule chini isionane tena na giaboksi, ukakunja bomba la shaba ukaliweka mbele, oili ipozwe kwa upepo. Ukajaza oili mpya, ukawasha injini, ukaimwaga oili ile, ukajaza nyingine, maana maji yalijificha kwenye kila kona.

"Tutajuaje kama yamekwisha?" ukauliza. Uliniuliza mimi, Baba Kulwa, baada ya aibu yote ile ya sufuria!

Nikabandika kikaango kwenye moto. Samli yenye maji hutatarika, isiyo na maji hunyamaza. Tone la kwanza lilitatarika likanirukia mkononi. Ukamwaga oili, ukajaza tena. Tone la pili likalalamika kidogo. La tatu likatoa mlio mmoja. La nne likatandaa likanyamaza kimya, nawe ukanishika mkono mbele za watu, mikono yako imejaa grisi, na sikuutoa wangu.

Ijumaa alasiri Mzee Hamisi akaja. Kabla hajafika nilikunong'oneza, "Sema ilikuwa oili mbovu. Nani atajua?" Ulifuta mikono taratibu.

"Shikamoo, Mzee. Gari limepona. Lakini aliyeliharibu ni mimi. Ni moto wangu wa lehemu."

"Marahaba," akasema. Alilizunguka gari lote. "Na nani kakuhakikishia limepona?"

"Mke wangu. Yeye ndiye aliyepima."

Mzee akanitazama, nikatazama chini. "Basi kesho mtakaa mbele nyinyi wawili. Likikwama njiani, mtalisukuma na nguo zenu za sherehe."

Safari ile! Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda gari, na nilipanda na kikaango mapajani. Ushirombo tukapima. Katoro, ambayo wakati ule ilikuwa vibanda vichache tu, tukawasha moto wa mafiga matatu tukapima tena, na Zuhura akashuka na hina yake mikononi akataka kudondosha tone yeye mwenyewe. Likanyamaza, tukapiga vigelegele barabarani wanawake wawili tu. Geita tuliingia jua lingali juu. Mzee Hamisi hakukulaumu tena. Malori yake yote akakuletea.

Gereji ingalipo. Kulwa na Doto wanagombana kila siku kuhusu spana, kama ulivyowaacha, na nyumba imejaa wajukuu na kelele. Sina majonzi leo, nimekukumbuka kwa furaha tupu. Pumzika vyema, fundi wangu.

Ila kuna jambo sikuwahi kukwambia kwa mdomo wangu. Nilikushauri useme uongo, na katika miaka yote tuliyoishi, hata tulipogombana vibaya, hukunikumbusha hata mara moja. Nilikuwa mkeo kwa mwaka mzima kabla ya Ijumaa ile. Kukupenda nilianza alasiri ile, uliposema, "Ni mimi."

Mkeo,
Mama Kulwa