Hendeli ya Mashine ya Mpunga

Kyela Mjini,
Ijumaa, 8 Julai 1994

Kwako dada yangu Sabrina,

Assalaamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Huku afya tunazo, ila moyo wangu hautulii.

Dada, tangu serikali iruhusu biashara huria, mashine za kukoboa mpunga zimejaa mjini. Mume wangu Ridhwani akaona dawa ni kukoboa mfululizo msimu mzima. Fundi wetu, Zebedayo wa Ngonga, alimsihi tusimame kila Ijumaa, tupake grisi na kubadili roli za mpira zinazomenya mpunga kabla hazijaisha. Alisema roli zikichakaa mchele unatoka chenga tupu, punje zilizovunjika, na beringi ikifa katikati ya mavuno, hasara yake inazidi ya siku moja ya kupumzika. Ridhwani alimjibu kwamba jirani yetu mwenye mashine hasimami, sembuse yeye.

Chenga zikazidi. Mama mmoja wa Njisi alimwaga mchele wake mlangoni petu, akasema hata kuku wake wangeukataa. Ijumaa iliyofuata, hendeli ya kuwashia injini haikuonekana. Ridhwani alimkunja Zebedayo shati mbele ya wateja, akamwita mwizi, akamfukuza. Zebedayo alifuta mikono, akachukua baiskeli yake. Ridhwani alichongesha hendeli nyingine, lakini siku ya nne tu beringi ikavunjika. Mashine ililala siku kumi na moja kabla haijatengenezwa, magunia ya watu yakahamia kwa jirani.

Dada, hendeli niliificha mimi, ndani ya pipa la pumba. Nilitaka mashine ipumzike siku moja tu, fundi apate kuifungua. Alipokunjwa shati nilikuwa nimesimama pale pale, na sauti haikutoka.

Juzi chakula kilinishinda, nikamweleza Ridhwani yote. Aliinuka, akaniacha na sahani. Jana nikaenda Ngonga. Zebedayo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atarudi, ila yaliyosemwa mbele ya wateja yafutwe mbele ya wateja. Leo asubuhi nimeyafuta mbele ya wachache waliobaki. Zebedayo alisema, “Ndaga, mama,” shukrani yao ya huku, akaingia ndani.

Ridhwani hajanisemesha tangu juzi. Lakini leo alizima injini kwa mkono wake, akamkabidhi Zebedayo spana, ndipo akaenda msikitini. Ninavyoandika, mashine imefunguliwa, na mimi nasikiliza mlango nikimsubiri arudi.

Msalimie mama, ila usimsomee haya.

Mdogo wako,
Mwasiti