Kanda ya Ugiriki

Hussni, uko hapo? Nilikuwa nanakili kanda za kwaya. Nane za kwanza nilinakili nikiwa nimefunga sauti, hii ya tisa nikaifungua.

Ule ukumbi wa kale wa mawe, usio na paa, tulioimbia Ugiriki. Nilikuambia mwongozaji alichana karatasi jukwaani, na sisi safu ya juu kabisa tukaisikia. Huko juu ndiko nilikoacha kinasa sauti kabla ya tamasha, kikirekodi.

Mwanzoni kabisa ni Paul na mkewe Ephrasia, jukwaani, wananong'ona.

"Tukitua Minnesota, pasipoti ya Noela naificha. Tutamwambia imepotea."

"Akitaka kuondoka?"

"Aende wapi bila pasipoti? Watoto wetu atawalea nani?"

Nimerudia mara nne. Nikasema labda ni utani. Lakini Noela, yaya wao, ana wiki tatu anaitafuta hiyo pasipoti, Hussni! Jumapili alilia mbele yangu, na Paul akamwambia, "Pole dada, tumwombe Mungu."

Zile nane nimeshazigawa. Moja anayo Paul.

Amepiga simu sasa hivi, kwa upole kabisa. "Walter, mdogo wangu, umesikiliza yote?"

Nikasema nilianzia wimbo wa kwanza.

Akasema, "Usigawe nyingine. Nakuja kuchukua orijino."

Orijino simpi; nakala zilizobaki nitanakili kesho. Wewe usije huku. Noela yuko darasani, maktaba ya Apple Valley, anatoka saa kumi. Mchukue, na usimrudishe kwa Paul.