Nilifungua Mifuko ya Taka, Nikakuta Chakula Changu

Mshauri wetu wa gazeti, mimi si mtu wa kuomba msaada, nimezoea kuombwa, lakini leo naomba, na unisome mpaka mwisho bila kurukaruka kwa sababu kuandika kwangu ni kazi, niliacha shule darasa la tatu na kila neno hapa nimelitamka kwanza mdomoni ndipo nikaliweka kwenye karatasi, na ukinijibu usinibembeleze kama mgonjwa, nijibu kama mtu mzima.

Nina miaka sitini na saba. Miaka ishirini na tisa nilikuwa mpishi wa shule ya bweni, masufuria yangu mtu mzima angeweza kuoga ndani, wanafunzi mia nne walikula mkononi mwangu na hakuna aliyelala njaa, wengine leo ni mahakimu wana vitambi ambavyo msingi wake niliuweka mimi. Mgongo uliponishinda mwanangu akanichukua nikakae kwake, na hawajaninyima kitu, niseme ukweli, nina chumba cha nyuma, kitanda kizuri, dirisha linatazama ukuta. Mwanangu ni dereva wa lori, anaondoka wiki mbili anarudi siku tatu. Mkwe wangu yuko mapokezi kwenye zahanati. Mjukuu wangu wa kike ana miaka kumi na minne, yuko shule. Kwa hiyo saa moja asubuhi mlango unafungwa, na mpaka saa kumi na mbili jioni nyumba ni yangu na friji, na kati yetu friji ndiyo inayoongea. Kuna siku sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mara ya kwanza jioni, nikimwambia mtoto afunge mlango, na inatoka ina kutu.

Basi mimi nawapikia chakula cha jioni. Hakuna aliyeniomba, lakini ndiyo kazi ninayoijua, na napika sufuria kubwa kwa sababu ile ndogo ni ya kuchezea watoto, siwezi kuipikia. Mkwe akirudi ananiambia, "Mama, umechoka, kapumzike, sisi tutakula baadaye," nami nakula kidogo changu naingia chumbani. Asubuhi nakuta masufuria yameoshwa yanang'aa, nasema moyoni, hawa wamekomba mpaka chini, na siku nzima inanipita vizuri kwa hilo moja tu.

Sasa miezi mitatu iliyopita nilisikia redioni kuna jumuiya ya watu huko milimani, basi linakuacha lami inapoishia kisha unatembea saa nne, wanakula walicholima, maji yao ni ya mvua, umeme wao ni wa jua na ukiisha umeisha, simu haishiki kabisa, na kila mwaka wanachukua watu kumi na wanane wa umri wowote wakae nao miezi minane wasome udongo, mbegu, maji, na namna ya kuishi mahali bila kupachafua. Mtangazaji akasema anayejua kusoma na kuandika anatosha. Mshauri, nilikuwa peke yangu jikoni, nikanyoosha mkono nikasema "Mimi!" kama mtoto darasani.

Nikaandika barua, wakanijibu nimepata nafasi. Nyumbani wakacheka. Mwanangu akanipigia akiwa safarini, "Mama, shule ya nini tena? Umekosa nini hapa?"

"Sijakosa kitu."

"Sasa?"

"Sasa nakwenda," nikamkatia simu.

Watu wa jumuiya wakaniletea orodha ya maandalizi: mabuti ya mpira, blanketi mbili, sahani na kikombe changu mwenyewe, sabuni isiyo na manukato, tochi ya jua. Mabuti wakasema uyavae kabla, yakuzoee, nikawa nayavaa nazunguka nayo uani. Jirani yetu fundi viatu akaniuliza, "Bibi, hiyo mvua unayo wewe peke yako?" Nikamwambia ashone viatu vya watu aache miguu yangu.

Lakini sharti kubwa ni daftari. Kila anayekwenda lazima kwa siku thelathini afungue taka zote za nyumba yake, azigawe mafungu manne, plastiki, karatasi, chupa na makopo, mabaki ya chakula, apime kila fungu kwa mizani aandike. Wanasema huwezi kujifunza kuishi kule kama hujui unavyoishi hapa. Nikaona ni jambo la akili. Nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikavaa glavu, nikaanza kufungua mapipa.

Mjukuu akanikuta. "Bibi, unafanya nini humo?"

"Nasoma."

"Unasoma taka?"

"Mimi nasoma taka, wewe unasoma simu, na harufu ni ileile. Pita."

Mkwe naye akaja amefunga mikono kifuani. "Mama, tafadhali, achana na mapipa. Majirani watadhani sikulishi."

"Waache wadhani, wamekosa kazi."

Siku ya sita, mara ya kwanza nilipolipindua pipa lote, nikakuta mfuko mweusi chini kabisa, umefungwa mafundo mawili. Nikaufungua. Yalikuwa maharagwe yangu ya jana. Yamelala vilevile, yameganda umbo la bakuli, hakuna kijiko kilichoyagusa, na zile karoti nazijua kwa kisu changu, hakuna mwingine anayekata hivyo. Pembeni maboksi ya kuku wa kukaanga, mifupa mitupu. Nikasema labda mtoto aliumwa tumbo. Siku ya saba nikakuta mfuko, mafundo mawili. Ya nane, mafundo mawili. Mshauri, kila siku. Wananiambia "Asante mama, tumeshiba," na kweli wameshiba.

Nilipima. Mkono umezoea kupima, nilipima kila siku nikaandika nyuma ya kalenda, kilo moja na nusu, kilo mbili. Lakini kwenye daftari la jumuiya mkono ulikataa. Mimi mpishi wa watu mia nne niwaandikie watu nisiowajua kwamba chakula changu kinatupwa? Nikaandika mabaki ya chakula, sifuri. Siku zote zilizobaki, sifuri, sifuri, nikapeleka posta.

Juzi mratibu wao ameniandikia. Anasema kati ya madaftari kumi na manane langu peke yake lina sifuri, kwamba wamelisoma kwa sauti mezani kwao, na wiki ya kwanza wamenipangia nisimame mbele ya wenzangu niwaeleze nyumba yangu inafanyaje isitupe hata punje. Barua imeandikwa vizuri, ina heshima, hakuna mtu amewahi kuniandikia hivyo. Nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Sasa nimebakiza wiki tatu, sijui nifanye nini. Nikienda, nitasimama pale niseme uongo, na nina miaka sitini na saba. Nikisema ukweli watanirudisha, na nikirudishwa narudi chumba cha nyuma na kicheko juu yake. Nikimwuliza mkwe, atajua nilifungua mafundo yake, na nikimwuliza halafu akanijibu, je? Kuna wakati nasema nitaondoka kimya asubuhi wakiwa kazini, wapate jiko la baridi, wajue. Na bado kila jioni napika. Napika nikijua kinakokwenda, kwa sababu nisipopika, saa kumi mpaka saa kumi na mbili nitafanya nini? Niambie, niende au nisiende, na usinizungushe.

Bibi wa Chumba cha Nyuma

*

Bibi wa Chumba cha Nyuma, shikamoo.

Umesema nisikubembeleze. Nitakubembeleza mara moja tu, kisha tufanye kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye yale maharagwe yaliyoganda umbo la bakuli. Inauma. Kutupa chakula cha mzee kwa siri halafu ukamwambia umeshiba ni kosa, na kama mkwe wako anasoma gazeti hili, mkwe, nakwambia wewe, ni kosa.

Sasa zamu yako. Umedanganya, Bibi. Wale watu hawakukuomba sifa, walikuomba daftari, na wewe ukawapelekea tangazo la biashara. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia wiki ya kwanza, mbele ya watu kumi na saba, na wewe umesimama hujui uanzie wapi.

Lipo jingine, na hili litakuuma zaidi. Nimetafuta katika barua yako yote mtu mmoja aliyekuambia neno ukamwacha amalize, sikumwona. Mwanao alikuuliza umekosa nini. Hilo lilikuwa swali, Bibi, na jibu lake ungeweza kulijaza kurasa kumi, maana mimi umenijazia. Yeye ulimkatia simu. Mkwe alikuja na wasiwasi wa majirani ukamwambia hawana kazi. Mtoto aliuliza unafanya nini, akaambiwa apite. Halafu unashangaa kwa nini mfuko una mafundo mawili! Mtu hafungi mafundo mawili kwa dharau. Mwenye dharau huacha sahani mezani. Yule anakuogopa. Anarudi kutoka kwenye foleni ya wagonjwa anakuta sufuria la kulisha basi zima la abiria, watu wa kulila ni yeye na mtoto, mume yuko barabarani, na hakuna mwenye ubavu wa kukwambia, "Mama, punguza." Hata kuosha anaosha yeye, ili asubuhi ufurahi. Sijui kama tatizo ni wingi, au chumvi, au mtoto anataka kuku tu kama watoto wote. Na wewe hujui. Umepima kila kitu ukaacha kuuliza.

Sikiliza basi utakavyofanya.

Leo, kabla hujawasha jiko, chukua ile kalenda unakili tarakimu zote, uzipeleke kwa mratibu. Mwandikie: nilidanganya kwa aibu, ukweli ni huu. Usijieleze zaidi ya hapo, usitafute huruma. Nimekufanyia hesabu ya haraka, siku ishirini na tano kwa kipimo ulichonitajia zinafika kilo arobaini. Kuhusu sifuri huna cha kumfundisha mtu. Kuhusu kilo arobaini, hakuna anayejua zaidi yako zilikotoka, na watu wanaosomea mambo hayo wana haja ya kukusikia. Inawezekana wakakukatalia. Wakikukatalia utalia, utapangusa uso, na utaomba tena mwakani kwa daftari la kweli. Mtu mzima hukataliwa na hafi.

Pili, mkwe. Ngoja siku yake ya mapumziko, mchana, mtoto akiwa ametoka. Usimwite chumbani kwako kama mshtakiwa, kaeni mezani. Mwambie, "Nimeona chakula kwenye mifuko. Niambie kwa nini." Kisha ufunge mdomo. Bibi, nimesema ufunge. Atanyamaza, nawe unyamaze. Atalia labda, unyamaze. Ataanza kuomba msamaha, usimkatize hata kwa kumsamehe, mwache afike mwisho wa alichotaka kusema miaka yote hii. Miezi minane ya milimani sitegemei ikushinde, umebeba masufuria maisha yako yote. Dakika hizo tano ndizo ninazoziogopea.

Na jiko, acha wiki hii. Hizo saa mbili za jioni ulizoniuliza utafanya nini, nenda kamngoje mjukuu njiani anapotoka shule, mrudi pamoja. Muulize kitu kimoja, kisha msikilize mpaka mlangoni.

Niende au nisiende? Nenda. Lakini uondoke kwa kuagana, wakusindikize mpaka kwenye basi wakikubebea blanketi. Mpango wako wa kutoka kimya ili wakute jiko la baridi uutoe kichwani. Ukiwaadhibu hivyo, utakaa huko juu miezi minane ukingoja habari kwamba wameumia, na utakuwa hujaondoka kwenye kile chumba hata hatua moja. Yule aliyenyoosha mkono jikoni akasema "Mimi!" hakuwa na hasira na mtu. Huyo ndiye apande basi.

Ukifika utakuwa mpweke, nisikudanganye. Kitanda kigeni, watu wageni, usiku hakuna hata friji ya kukusemesha. Siku hizo za mwanzo mkono utawasha kutaka kuandika, na utataka kuniandikia mimi, kwa sababu umeona nasoma mpaka mwisho. Usiniandikie. Chukua karatasi, anza na jina la mkwe wako, mweleze ulichokula siku hiyo na nani alikipika, na chini kabisa muulize yeye amekula nini.