Shafti Haikuwa na Kosa

Gereji, nyuma ya nyumba,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Injinia,

Habari za huko? Wifi yangu kifua kimepona? Huku presha ya mama imeshuka na mguu haujambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo unachemka, na aliyeuinjika ni wewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Gari la marehemu baba lilikuwa likilia kila nikikanyaga klachi. Nikaishusha giaboksi. Mama akakutumia video, ukaiona ile shafti ya mbele ikiyumba mkononi mwangu. Hukuniuliza neno. Ukamwambia mama giaboksi imekufa, dada anabahatisha, tafuteni fundi wa kweli.

Mimi nilikuwa nimekwenda dukani kutafuta beringi. Narudi nayo, nakuta fundi wa kweli ameshafunga giaboksi nyingine, na ya baba imekwenda kwenye vyuma chakavu. Akawasha gari, akakanyaga klachi. Likalia vilevile.

Umesahau nini, wewe? Baba alitufumbisha macho, akatushikisha shafti. Akasema ikiyumba kando kidogo, iache, maana ncha yake hushikwa na beringi ndogo ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na giaboksi ikishushwa shafti haina wa kuishika. Ikivutika na kusukumika, hapo ndipo ufungue. Wewe ndiye uliyejibu kwanza siku ile, nami nikaona wivu.

Alipoondoka yule bwana nikashusha tena, peke yangu, mgongo wote unauma. Shafti ya hiyo giaboksi yenu mpya inayumba kama ile ile. Nikaweka beringi yangu kwenye flaiwili, kelele ikakoma. Unajua mama alisema nini? "Unaona giaboksi mpya? Mdogo wako alijua."

Sasa kila mgeni anasimuliwa. Mwalimu jirani, mteja wetu tangu enzi za baba, gari lake kalipeleka kwingine. Alinipita hapa mlangoni akiangalia chini. Nimekasirika, mdogo wangu, wala sitaki kuficha. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ya kwako imenipata mgongoni.

Jana nilikwenda kwa watu wa vyuma chakavu. Nikaikuta giaboksi ya baba chini ya milango ya magari. Nikafumba macho, nikaivuta shafti, nikaisukuma. Haikusogea hata kidogo. Nimeirudisha kwa toroli, iko chini ya meza ya baba.

Mama sijamwambia. Nikimwambia mimi atasema nina kijicho. Mpigie wewe, kwa mdomo ule ule.

Msalimie wifi, na wanangu waambie shangazi anawakumbuka. Mama anakuombea kila siku. Mola akulinde kazini na akurudishe salama, maana ovaroli yako bado iko kwenye msumari. Giaboksi ya baba siifungi mimi. Utaifunga wewe, mama akiwa kwenye kiti anatazama.

Ni mimi dada yako, nakupenda na hasira sijamaliza,
Fundi wa kubahatisha.