Konokono wa Sikio la Neema

Alhamisi, Same

Mshipa wa kusikia upo! Usingekuwepo, kifaa cha kupandikiza sikioni kisingemsaidia mwanangu Neema. Na shemeji alishatangaza kijijini kwetu Mamba kote kwamba naenda kupiga picha ya kitu ambacho hakipo.

Daktari akanionyesha kwenye kompyuta kitu kilichojikunja ndani ya sikio la Neema. "Mama Neema, hiki tunakiita konokono. Kina mizunguko miwili na nusu, hakina kasoro."

"Ngoja nihesabu mwenyewe."

Akacheka, akanisogezea kiti. Nikahesabu, ni miwili na nusu kweli. Mimi ninayewaponda konokono kwenye shamba langu la tangawizi, leo nimemshangilia mmoja!

Upasuaji bado, na ninauogopa. Ila kesho nampigia shemeji, nimweleze polepole, neno moja moja, maana huyo ndiye kiziwi hasa.