Subana ya Mama

Ruanda, Mbozi
19 Juni 2025

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta unaota jua pale nje ya jiko, maana najua baridi ya Ileje mwezi huu haina mzaha. Mgongo unaendeleaje? Kikohozi kimeachia? Mimi ni mzima wa afya. Jonasi anakusalimu, na wajukuu zako pia. Nimewaacha naye nyumbani Chapwa, na nasikia wanakula wali maharage kila siku kwa sababu hajui kupika kitu kingine.

Usishtuke kuona hapo juu nimeandika Ruanda badala ya Tunduma. Nipo nyumbani kwa wazazi wa Judith tangu juzi, nalala naye chumba kimoja. Najua ukisikia jina la mkamwana wako siku hizi unakunja uso. Tafadhali kunjua, usome mpaka mwisho, na ukimaliza usimpigie mtu simu kwanza. Baba yake, Mzee Yesaya, ndiye aliyenikalisha mezani na kuniambia niandike kwa mkono wangu na niweke jina langu, kwa kuwa mambo haya yaliharibiwa na simu.

Itabidi nianze mbali kidogo. Tangu Baba afariki, na wewe ukaamua nguo zake zisigawiwe bali zikatwe na kushonwa mfarishi mmoja mkubwa wa viraka, moyo wangu haukutulia. Kila nilipopiga simu kukujulia hali niliambiwa habari za Judith. Judith amekata shati la mistari. Judith amepanga viraka vizuri. Judith ana mkono mwepesi, mshono wake mdogo hata uzi hauonekani. Mimi najibu "ahaa, vizuri," huku nimeuma meno. Yule alikuwa baba yangu, Mama. Shati lile la mistari nililifua mimi tangu nikiwa darasa la tano, na leo mkasi ameshika mtu aliyemfahamu Baba kwa miaka minne tu, tena mitatu kati ya hiyo Baba alikuwa mgonjwa. Ulikuwa wivu, nautaja kwa jina lake, na ulikuwa umenijaa mpaka kooni.

Basi nikaamua na mimi nishone mfarishi wangu, kwa mabaki ya vitenge ninavyouza. Nilitaka nikuletee Pasaka, uushike, useme kitu. Lakini kushona kwa mkono tabaka tatu si sawa na kutia kifungo. Wiki ya kwanza tu ncha ya kidole changu cha kati ilikuwa imetobokatoboka kwa kusukuma sindano, nikawa siwezi hata kumenya kitunguu. Nikaenda kwa Mwanaisha, mama mmoja wa Tanga mwenye duka la nyuzi na vifungo karibu na mpaka. Nikamwambia natafuta kofia ya kidole, kama tunavyoiita nyumbani. Akacheka sana, akasema hiyo jina lake ni subana.

Sikujua kwamba kitu kidogo namna ile kina masharti. Mwanaisha alinitolea ya plastiki, nikaishonea siku mbili. Kidole kinatoka jasho humo ndani na sindano inateleza juu yake. Nikarudi, akanipa ya bati, ikawa pana, nikiinamisha mkono inadondoka chini ya kitanda. Akanieleza kwamba subana hujaribiwa mchana, mikono ikiwa imepata joto, kwa sababu asubuhi ya baridi kidole kimesinyaa na kitakudanganya. Unavaa, unainamisha mkono, unautikisa. Isidondoke, na wala isibane mpaka ncha ya kidole ipige moyo. Halafu unaikagua vishimo vyake, viwe na kina cha kushika tako la sindano. Saizi yangu yeye hakuwa nayo, akanishauri niagize Mbeya.

Hapo nilimpigia Boazi, yule dereva wa gari la Isongole unayemfahamu, kwa kuwa alikuwa anakwenda Mbeya kununua vipuri. Nikamwambia aniletee subana ndogo. Akauliza namba ngapi. Nikamjibu namba sijui, alete ndogo tu, inayoshika vizuri. Jioni akaja nayo imefungwa kwenye gazeti, anajisifu kwamba amezunguka maduka matatu. Nafungua, nakuta spana! Spana namba nane, Mama, ya kufungulia nati! Jonasi alicheka mpaka akaketi chini. Boazi wala hakuona kosa lake. Alisema katika mji wa malori kama Tunduma, mtu akitamka neno hilo, kila sikio litasikia spana.

Mwisho nilitengenezewa ya ngozi na Lusubilo, fundi viatu wa kwetu Chapwa. Alinipima kidole kwa uzi, akakata ngozi ya kiatu cha mtoto, akaishona ikiwa wazi upande wa ukucha. Ile ilinikaa. Nilikuwa nasahau kama nimeivaa. Naliandika hili ili ujue kwamba mimi nilikuwa na yangu, nzuri, na sikuwa na shida ya subana ya mtu yeyote.

Pasaka nikaja. Nilikufundisha neno la Mwanaisha, ukalipenda, ukawa unalirudiarudia huku unacheka. Judith alikuwa jikoni anasonga ugali. Kisha nikakutandikia mfarishi wangu mapajani. Ukaugeuza nyuma kukagua mafundo, kama kawaida yako, ukatabasamu, ukasema, "Umejitahidi mwanangu, karibu unamfikia Judith."

Huenda hukumbuki kama ulisema hivyo. Mimi nakumbuka mpaka ulivyovuta kamasi kabla ya kusema. Judith aliporudi ukamvisha subana yako ya shaba, ile Baba aliyokununulia kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwaka mliooana, ukanionyesha jinsi ilivyomkaa kana kwamba alipimwa yeye. Yeye akaona aibu, akaivua haraka. Hata aibu yake iliniudhi.

Wiki iliyofuata ukanipigia kwamba subana haionekani, mmepekua mkebe wa nyuzi, mmekung'uta mikeka, hakuna. Nikakupa pole. Mwishoni mwa Mei nikapiga simu ya mwanao Dennis, ikawekwa sauti kubwa ili sote tusalimiane. Nikamuuliza wifi Judith mbele yako, subana ameipeleka wapi. Akajibu papo hapo, bila wasiwasi wowote, kwamba alimwazima Lwitiko fundi pikipiki tangu wiki iliyopita na bado hajairudisha.

Unajua yaliyofuata kuliko mimi. Uliamini kwamba ametoa mali yako ya ndoa kwa fundi iuzwe shaba chakavu. Judith alipokwambia kwamba yeye alisikia spana, na kwamba spana ya pikipiki ya Dennis kweli iko kwa Lwitiko, ukaona anageuza maneno baada ya kujikamatisha mwenyewe. Ulinipigia mimi kuniuliza. Nikakujibu kwamba nilitamka subana waziwazi, na yeye alijibu waziwazi. Ukamwambia asiguse tena nguo za Baba kwa mikono yake. Dennis naye akamfokea, na Judith akafunga nguo zake akarudi hapa Ruanda.

Jumapili iliyopita ukanipigia tena. Ulisema umemshauri Dennis aachane na safari ya kumfuata mkewe, kwamba watakaa na wazee wa kanisa wayamalize, kila mtu ashike njia yake. Ukasema nije mimi, tumalizie mfarishi wa Baba wawili. Mama, hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri mwaka mzima! Nilifunga begi siku hiyohiyo. Lakini kabla hujakata simu ukaongeza kwamba umebaki na mimi tu, kwa sababu mimi siwezi kukuficha kitu.

Nilifika stendi Jumanne asubuhi, Boazi akanishikia siti ya mbele. Nikashindwa kupanda. Nikamwambia nimesahau kitu, nikavuka upande wa pili nikapanda gari la Mbozi.

Subana yako ninayo mimi. Niliichukua Jumatatu ya Pasaka, wewe na Judith mlipokwenda kuniandalia viazi vya kubeba. Niliitoa kwenye mkebe nikaifunga kwenye ncha ya kitenge. Sikuitaka kwa kushonea. Nilitaka tu isiwe kwenye kidole chake. Nilipofika nyumbani nikajifungia nijaribu kuivaa, ikakataa kupita kwenye fundo la kidole. Nikailazimisha. Ikanasa, kidole kikawa cha zambarau, nikakaa nayo mchana kutwa mpaka nilipoitoa kwa sabuni ya kufulia na machozi. Hata baada ya hapo sikuirudisha.

Na lile la simu nalo lisikupite. Wakati namuuliza Judith, mimi nilikuwa tayari nimeletewa spana na Boazi. Katika nyumba ile yote hakuna aliyejua kama mimi jinsi maneno yale mawili yanavyochanganyika masikioni. Nilipomsikia anamtaja fundi pikipiki nilijua saa ileile kilichotokea. Sentensi moja ingemwokoa. Nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza, na nilipouliza swali lile sina hakika hata leo kama sikuwa nategea jibu hilohilo.

Nilimkuta Judith uani anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwekea subana mapajani, nikasema yote kama ninavyokuandikia. Mama yake alinitukana, na alikuwa na haki. Mzee Yesaya akasema binti yake alitoka kwenu akiitwa mwizi, kwa hiyo hatarudi kwa miguu yake mwenyewe. Mtakuja kumchukua, wewe na Dennis na mzee mmoja wa kanisa, na jina lake litasafishwa mbele ya watu walewale waliolisikia likichafuka. Mpaka mtakapokuja, mimi nabaki hapa. Nachota maji, nafua, nalima nao bustani. Judith ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akakata mstari mmoja nilioandika kwamba amenisamehe. Amesema nisiandike kitu ambacho yeye hajakisema. Amesema pia nikuulize kwa nini ulimuuliza yeye mara moja tu, kisha ukaamini neno langu.

Lakini lililonifanya niandike kwa haraka ni jambo jingine. Siku ile uani, nilipomaliza kuungama, Judith hakunipiga wala hakulia. Aliniuliza hivi sasa Mama anashonea nini. Nikamwambia unashonea kidole kitupu, na kwamba Jumapili uliniambia kimechubuka na kinatoa maji, hakikauki. Akasimama, maharage yote yakamwagika. Akasema, "Wifi, na sukari yake ile?"

Nikamuuliza sukari gani.

Kumbe una kisukari tangu mwaka jana, Mama. Kumbe yeye ndiye anayekupeleka kliniki, na mlipatana sisi wa mbali tusiambiwe ili tusihangaike. Nilipaswa kuogopa kwa ajili ya kidole chako, kwa kuwa jeraha lile nimelifanya mimi, sawa na kama ningekuchoma kwa mkono wangu. Nimeahidi kuandika ukweli mtupu, basi na huu nauandika. Niliogopa, lakini woga ulikuja wa pili. Kitu cha kwanza nilichokihisi, nikiwa bado nimepiga magoti na wizi wangu umelala chini kati ya maharage, kilikuwa wivu kwamba yeye anajua mwili wako na mimi sijui.

Tafadhali, barua hii ikifika, weka sindano chini. Kesho yake asubuhi Dennis akupeleke kliniki uonyeshe kidole. Judith anasema daftari lako la dawa lipo chini ya godoro lake, upande wa dirishani. Subana nimeishonea kwenye kitambaa ndani ya bahasha, usiivae kwanza mpaka upone.

Nisalimie Dennis, na mwambie asome na yeye. Wasalimie akina mama wa kanisani. Ukiwasomea sehemu inayonihusu sitakulaumu. Kama utaona vigumu kuniita mwanao kwa sasa, nitaelewa. Mimi bado nakuita Mama, na nakusubiri hapa pamoja na mke wa Dennis.

Ni mimi,
Tusekile