Samli ya Susu

Kioko, ndugu yangu mdogo,

Nimechoka, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Shule nimemaliza, sasa nashinda nyumbani: maji, mbuzi, jikoni. Mama amerudi kuuza nyanya sokoni Kalamba. Kitandani kwako tumeweka magunia ya mbaazi. Usikasirike, nafasi ni ndogo.

Unakumbuka tumbo lako lilipoanza kufura? Watu sokoni walimsifu Susu, bibi yetu, kwamba anajua kulea. Nawe ukalipiga kama ngoma, ukasema, "Niiteni chifu." Tukakuita chifu. Kisha mikono yako ikawa nyembamba, na Susu akazidisha samli kwenye uji wako, ile aliyotengeneza mwenyewe, akisukasuka maziwa kwenye kibuyu magotini, kisha kuchemsha siagi.

Halafu hospitali. Daktari alimweleza Mama kwamba uvimbe ulio kwenye figo yako unatumia mafuta kwa njia isiyo ya kawaida, ndiyo maana unakonda huku tumbo likikua. Mama alifika nyumbani akiwa hoi, akasema kwa ufupi tu: ule uvimbe unakula mafuta. Susu alikuwa akikoroga uji wa kukupelekea. Aliweka mwiko chini.

Tangu tukuzike, kibuyu kinaning'inia ukutani. Muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, ni wa kuchemsha tu, mkavu, na Susu mwenyewe hamalizi. Nguo zake zimekuwa kubwa. Najua anachofikiri: kwamba aliulisha ugonjwa kwa mkono wake. Niliogopa tutamzika yeye pia.

Kwa hiyo Mama alipoenda kurudisha blanketi tuliloazimwa wodini, nilimfuata. Unanijua. Dukani nikikuta watu wengi, narudi bila sukari. Nilisimama mlangoni kwa daktari mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikamuuliza, nikiangalia viatu vyake, kama ni samli iliyokumaliza.

Akanikalisha. "Hapana. Ule uvimbe ulikuwa unajitengenezea mafuta, na mengine unayachukua mwilini mwake. Hata angekunywa maji matupu, ungeyachukua mafuta hayo. Mwambie bibi yako samli yake ilimpa mtoto nguvu. Ugonjwa haukutoka jikoni kwake."

Nilimwambia Susu tukichambua mbaazi. Akanitazama.

"Ni daktari amesema, ama ni wewe?"

"Ni daktari, Susu."

Akaendelea kuchambua.

Leo asubuhi ameshusha kibuyu, akakiosha, akanipa mimi. Mikono imeniuma. "Sukasuka kama mtu aliyekula," akasema. Mchana muthokoi ulikuwa na samli. Alimaliza sahani yake, kisha akalia. Jioni akaniuliza tena kama kweli ni daktari.

Ataendelea kuuliza, najua. Nitamjibu kila mara, hata nikiwa nimechoka kama leo, polepole, kana kwamba ni mara ya kwanza. Hilo niachie mimi.

Wewe pumzika, chifu.

Dada yako,
Mwende